Kumlenga Mama Mkwe

Kinyozi hakuwahi kumtazama mama mkwe wake machoni. Kwa hiyo mkewe alipotaka familia nzima isherehekee siku yake ya kuzaliwa kwa mchezo wa kupigana risasi za rangi, alijua mama atabaki kando kushika mikoba.

Wapi! Mama, mwalimu mkuu mstaafu, alivaa ovaroli, akafunga kinga ya uso juu ya kilemba, akauliza, "Sasa hii, unafyatulia wapi?"

Msimamizi wa uwanja akawaelekeza: usivue kinga, ukipatwa na rangi, inua mkono, utoke. Akawagawa. Kinyozi akawa na mkewe, mama akawa na shemeji, ndugu wa mke.

Filimbi ikalia. Kinyozi akajibanza nyuma ya matairi, kinga imemjaa ukungu wa pumzi zake mwenyewe. Risasi ya kwanza ilipiga pipa. Ya pili ilipasuka kando ya kiatu chake. Alipochungulia tena, huyo hapo mama mkwe, uso kwa uso. Bunduki ikamshuka yenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akaitika, akamtandika ya kifua. Pa!

Kinyozi akatoka mkono juu. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

Wakati wa mapumziko mama akamwita pembeni. "Tangu umuoe binti yangu, nikija kwenu unatazama miguu yangu tu. Kwani mimi nauma? Raundi hii nilenge. Na hiyo bunduki ishike vizuri, umeibana kama mkasi."

"Sawa, mama."

Raundi ya pili akatambaa kwa tumbo hadi kwenye mapipa, akatulia. Kilemba kilipochomoza, akafumba jicho moja. "Samahani, mama!" Rangi ikapasuka begani kwake.

Mama akalitazama bega, kisha akarusha mkono juu. "Ehee! Mkwe wangu ameamka!"

Kinyozi hajamaliza kutabasamu, mgongo ukamwaka: pa, pa! Akageuka. Mkewe.

"Mbona unanipiga? Mimi ni wa upande wako!"

"Najua. Lakini yule ni mama yangu."

Garini, mama na mkwe walikaa nyuma wakilinganisha alama walizopata.

"Yako kubwa," mama akasema, ameridhika. "Jumapili ijayo una nafasi?"

Kinyozi akamtazama usoni. "Jumapili nina wateja, mama."

"Wanyoe Jumamosi."