Rasi Iliyotolewa Mara Tatu

Mkuu wa kituo cha hali ya hewa alikuwa akimenya yai juu ya taarifa yangu. Karatasi ilikuwa mbele yake mezani, bado ina joto la mashine, na maganda yalikuwa yakidondoka juu ya upepo, juu ya mawimbi, juu ya maji kujaa na kupwa. Alipomaliza aliyakumba kwa kiganja akayatia kwenye droo. Ndiyo, kwenye droo. Miaka minne nimefanya kazi na mtu huyu na sijapata kumwona akitumia ndoo ya taka iliyo miguuni pake.

"Mita moja na nusu," alisoma, yai likiwa shavuni. "Leo ni siku ya kushusha boti, mama. Watu wamefungiwa ndani na baridi miezi mitano, wewe unawakaribisha na mita moja na nusu?"

"Ndiyo iliyopo."

"Iliyopo huko kwenye boya la kupimia, nje ya rasi. Watu wetu wanazunguka humu ndani, na rasi inawakinga. Tuipige pasi kidogo." Akakata nusu, ikabaki mita moja. Kisha kalamu ikashuka mpaka mstari wa mwisho. "Na hii, 'maji nyuzi nane', ya nini? Nani aliyekuuliza?"

Akaufuta. Kidoleni alikuwa na utando wa yai, nao ukabaki pale pale palipokuwa na nyuzi nane. Nilichukua karatasi kwa ncha za vidole, nikaenda kuituma, gatini na kwenye simu za watu wa bandari.

Kupiga pasi ndiyo iliyokuwa lugha ya ofisi yetu. Bahari ikiwa na mikunjo, inanyooshwa, inakunjwa vizuri, wateja wanaivaa. Kutoka kwetu taarifa ilikwenda gatini kwa mtangazaji tuliyemwita Asali, na Asali naye ana yake. Saa mbili asubuhi ile, dirisha likiwa wazi, nilimsikia kwenye vipaza sauti: "Wapendwa, bahari ni shwari, jua ni letu sote." Mita moja imeshakuwa shwari. Nikafunga dirisha. Nilijiona mtu pekee mwenye mikono safi katika jengo lile, na sitaficha, nilikuwa nikijisikia vizuri.

Majira ya machipuko siyapendi, nisimsingizie mtu. Wengine huona maua, sisi wa bandarini tunaona kilichokuwa kimelala chini ya baridi kikiamka na kunuka. Mwani wa miezi mitano unaoza kwenye ngazi za gati. Rangi mbichi, mafuta ya injini na kinyesi cha ndege vinachanganyika, harufu inakukaa ulimini ukinywa chai. Na jua lenyewe ni la uongo. Linakuunguza pua, unavua koti, unasahau kwamba maji hayajui kama kumekucha. Hewa nyuzi ishirini, maji nyuzi nane. Mtu akitumbukia humo, dakika kumi tu vidole havikunjiki tena, hata kamba akitupiwa anaitazama.

Shemeji yangu alikuwa mmoja wa wanaoshusha boti siku ile. Shemeji ni kinyozi. Bahari aliijua kwa kuitazama kupitia kioo cha duka huku akinyoa vichwa vya watu walioijua kweli, na kwa kuwasikiliza miaka kumi na tano akajikuta naye ana maoni. Mwaka uliopita alinunua mashua kuukuu ya mbao. Baridi nzima ilikuwa uani kwao, anaisugua, anaipaka, anaisugua tena. Dada yangu alikuwa akisema ameletewa mke mwenza, tena wa mbao, tena hapiki. Rangi iliingia mpaka kwenye sukari. Lakini jioni nikipita hapo nilikuwa nikimkuta dada ameshika taa, anammulikia mumewe asikose nyufa.

Saa nne kasorobo aliondoka gatini, peke yake, kwa maana dada hata akitazama beseni la kuogea huona kizunguzungu. Alinipigia simu akiwa amekwisha kukaa kwenye usukani. "Shem, nazunguka rasi tu, narudi. Mwambie dada yako asimalize chai." Nikamwambia avae jaketi la kujiokolea. "Lipo hapa nimelikalia," akasema, "ni laini."

Saa nne na nusu nilihitaji kipimo kipya kwa ajili ya taarifa ya mchana. Kwa kawaida fundi wa maboya hukaa chumba cha pili, na kila asubuhi huniletea kikaratasi chenye namba moja, urefu wa mawimbi, basi. Siku ile aliniachia kikaratasi saa moja asubuhi akaenda gatini na mkewe kusikiliza hotuba ya sherehe ya kushusha boti. Nikaingia mimi mwenyewe chumbani mwake. Sikuwa nimeingia humo zaidi ya mara mbili, kwa sababu fundi hukatia kucha pale pale mezani, na kucha hubaki kati ya vitufe vya kompyuta. Nilizipuliza, nikafungua ukurasa wa boya.

Boya lilisoma mita mbili nukta nne. Nikarudi nyuma mpaka saa moja asubuhi. Mbili nukta nne. Kikaratasi cha saa moja kilikuwa mfukoni mwangu, nacho kilisema moja nukta tisa. Nikampigia.

"Fundi, mashine yako imeharibika. Inasoma mbili nukta nne, wewe uliniandikia moja nukta tisa."

"Haijaharibika," akasema. Nyuma yake bendi ilikuwa ikijaribu tarumbeta. "Mimi ndiye ninayetoa nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya rasi." Alisema kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Boya si liko nje? Huku ndani rasi inapunguza. Tangu nianze kazi natoa nusu mita kabla sijakuletea. Kwani hukujua?"

Nilikata simu, nikakaa kwenye kiti chake, juu ya sijui nini. Sikujua. Na yeye hakujua. Kila asubuhi, kikaratasi kikinifikia, nilikuwa nakitazama kwa utaalamu wangu wote, najiambia boya liko nje ya rasi, watu wako ndani, haki ni kupunguza. Nikatoa sehemu nne za kumi za mita. Kwa nia njema kabisa, na bila kumwambia mtu, maana niliona ni jambo la ujuzi, halihitaji mjadala. Moja nukta tisa ikawa moja na nusu. Halafu ikaenda kwa mkuu wa kituo, naye akatoa nusu kwa ajili ya rasi. Rasi moja, kilima cha mawe chenye mnara mmoja wa taa, tumeitoa mara tatu. Miaka minne nimemwona yule bwana na mayai yake kuwa ndiye mchafu wa jengo, kumbe mie nimekuwa nikinawa kwenye beseni lile lile.

Na ubaya zaidi ni kwamba siku ile rasi haikuwa ikimkinga mtu. Upepo ulikuwa unatoka baharini kuja pwani, na maji yalikuwa yanakupwa, yanakimbilia nje. Vitu hivyo viwili vikikutana mdomoni mwa rasi, pale bandari inapofungukia bahari, mawimbi hayalali, yanasimama, mafupi na ya karibu karibu, na mashua ndogo haipati nafasi ya kuinua pua kabla jingine halijafika. Hilo nalijua. Ndiyo kazi niliyoisomea.

Nikampigia shemeji, simu ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Kisha nikamwendea mkuu, ambaye alikuwa mbele ya kioo akifunga tai.

"Tumekosea," nikamwambia. "Boya linasoma mbili nukta nne. Fundi anaitoa rasi, nami naitoa, nawe unaitoa. Tuwarudishe watu sasa hivi."

Aliendelea na fundo la tai. Nilidhani hajasikia. "Mgeni rasmi anapanda jukwaani baada ya dakika kumi," akasema. "Ngoja amalize hotuba. Tukitangaza sasa watauliza, asubuhi tulikuwa tunafanya nini."

"Tulikuwa tunafanya nini?"

"Usiniulize mimi peke yangu." Akageuka. Kwenye kona ya mdomo alikuwa na chembe ya kiini cha yai, ya njano, imekauka. "Moja na nusu ni mwandiko wa nani?"

Alisema kweli, na kweli ikitoka kwenye mdomo kama ule inachukiza maradufu. Nilitamani kumpiga kofi, na nilijua nikimpiga mkono utarudi na harufu yangu mwenyewe. Nilirudi chumbani kwangu, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikashika redio ya vyombo vya baharini.

"Vyombo vyote vidogo," nikasema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, sikuipenda. "Taarifa ya asubuhi haikuwa sahihi. Narudia, haikuwa sahihi. Mawimbi ni mita mbili nukta nne. Kwenye mdomo wa rasi ni ya hatari. Maji ni nyuzi nane. Vaeni majaketi, rudini. Mashua ya mbao, ya bluu, yenye mtu mmoja, yeyote anayeiona ajibu."

Mkuu alikuwa anagonga mlango. Nikarudia mara tatu. Zikaanza kunijibu sauti moja moja, wengine wakilalamika, wengine wakishukuru, mmoja akiuliza kama ni mzaha wa sherehe. Aliyeiona mashua ya bluu hakuwepo. Boti ya waokoaji ilitoka huku bendi ikipiga.

Walimkuta dakika ishirini na tano baadaye, upande wa nje wa rasi. Mashua ilikuwa imepinduka, naye amelala kifudifudi juu ya tumbo la mashua hiyo, mkono mmoja ameupitisha kwenye kamba akaufunga, kwa sababu vidole vilikuwa havishiki tena. Jaketi lilielea mbali naye. Mwokoaji aliniambia kwamba walipomfungua alikuwa anahesabu kwa sauti, amefika mia sita na kitu, na kwamba hakutaka kuacha.

Jumatatu mkuu alikuwa na ripoti tayari. Kituo, kwa uangalifu wake wa kila siku, kiligundua mabadiliko ya ghafla ya hali ya bahari na kutoa tahadhari kwa wakati. Ghafla. Niliisoma mara mbili nikatia sahihi, kwa kuwa ilikuwa Jumatatu, na nilikuwa nimechoka, na jina langu lilikuwa limeandikwa hapo kwa sifa. Fundi naye alitia sahihi. Alinitazama, nami nikamtazama, tukaangalia pembeni.

Jioni nikaenda kwa dada. Shemeji alikuwa ametoka hospitalini, amekaa kwenye kochi na blanketi mbili, vidole vimefungwa bandeji kimoja kimoja. Aliponiona alijaribu kusimama.

"Huyu hapa," akawaambia majirani wawili waliokuja kumpa pole. "Mwenye sauti yake. Bila huyu saa hizi mngekuwa mnakunywa chai ya msiba. Shem, nyumba hii ni yako, na kichwa chako nitakinyoa bure mpaka uzeeni."

"Mimi sinyoi."

"Basi mumeo, ukimpata."

Majirani wakacheka, wakanishukuru, wakaaga. Dada alinishika mkono, akanikalisha kwenye kiti anachokalisha wageni wa heshima, akaniletea sahani. Nyama yote nzuri alikuwa ameiweka upande wangu. Nilikuwa sijala tangu Jumamosi ile ya boti. Kila tonge lilipanda na kushuka, na kila nilipomaliza upande mmoja dada aliniongezea, huku akinipapasa bega. Naapa sijapata kula kitu kilichonichefua vile, na mpishi hakuwa na kosa.

"Shemeji," nikasema. "Ile mita moja ya asubuhi ilipitia mkononi mwangu. Boya lilisema mbili nukta nne. Nilipunguza. Si siku ile tu. Miaka minne kila siku nilikuwa napunguza."

Shemeji alinitazama, kisha akaanza kucheka, taratibu, kwa sababu mbavu zilikuwa zikimuuma.

"Ah, shem. Ndiyo hiyo tu inayokukondesha? Hata ungeandika mita tano. Nani anawasikiliza ninyi? Dukani kwangu wote wanajua kwamba watu wa hali ya hewa ni kutishana tu. Kula, kula."

Amenisamehe, nami nilisikia msamaha ule ukinitambaa mwilini, wa vuguvugu, unateleza. Miaka minne ya bahari niliyoikunja imefutwa kwa kicheko cha kinyozi. Nilitaka kuupokea. Hilo ndilo lililonitia kinyaa kuliko droo ya mayai, kwamba nilikwisha kuanza kutabasamu.

Mkono wa dada ulikuwa umeondoka begani mwangu.

"Yeye hakutaka kwenda," akasema. Alikuwa akiitazama sahani. "Aliamka akaona miti inavyoinama, akasema leo hapana, nitakwenda wiki ijayo. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba mdogo wangu ameandika mita moja, mdogo wangu hawezi kukosea. Nikamtolea viatu nje."

Shemeji aliacha kucheka. Nje mtu alipita akiburuta kitu kwenye changarawe, na dada akangoja mpaka sauti ile ikaisha, kama aliyetaka nisikie vizuri.

"Mimi nilikuwa nakusikiliza," akasema.

Nilikuwa na tonge kinywani. Sikuweza kulimeza, na pale mbele yake hapakuwa na pa kulitema, kwa hiyo nikaendelea kutafuna.