Almasi Iliyotangulia Kunywa Maziwa

Almasi yetu ni ndogo kuliko punje ya dengu. Nikiwaambia ndugu zangu kwamba kazini nashika almasi, wananitazama viatu kwanza.

Pale maabara ninapofagia na kuosha vyombo yupo dada mmoja namwita Daktari, ingawa shahada bado hajaipata. Yeye anagandisha protini juu ya hiyo almasi. Ukidondosha damu yenye ugonjwa, protini zinaunasa, na mstari kwenye kompyuta unapanda. Lakini kabla ya damu, protini zikishashika kwenye almasi, unamwagia maziwa ya unga yaliyokorogwa kuziba nafasi zilizobaki, uchafu usidandie. Ni maziwa ya kopo lile lile ninamoibia kijiko kimoja cha kutia kwenye chai.

Jumatatu alipigiwa simu na shule, mwanawe ana homa.

"Mjomba, niangalizie," akasema, huyo mbio.

Nikaona nimsaidie. Nikaimwagia almasi maziwa, nikaenda stoo kupanga glavu.

Jumatano mstari ulilala chali. Alhamisi vilevile. Na Profesa anayemsimamia alishasema: Ijumaa ukiwa bado umelala, atafute mada nyingine.

"Miaka mitatu, Mjomba," akasema, huku anachapa barua. "Namwandikia kwamba njia yangu haifai."

Nikachungulia daftari lake. Protini: Jumatatu, saa nane. Mimi maziwa niliyamwagia saa sita. Nilidhani protini zimeshakaa; kumbe aliporudi ndipo alipoziweka, juu ya maziwa yaliyokwishakauka, zikakosa pa kushika.

Hakuna aliyeniona.

"Daktari, usitume. Almasi ilikunywa maziwa kabla ya protini."

"Nani kainywesha?"

"Mimi."

Akanitazama. Bora angenitukana.

"Siku zote hizi unanichekesha, kumbe wewe ndiye!"

"Nimejua sasa hivi, mwanangu."

"Kaoshe."

Nikaiosha kwa asidi ya moto, ile inayotoboa koti. Almasi haikujali. Protini aliziweka mwenyewe, na maziwa pia, mimi nimesimama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa kuhesabu namba asubuhi.

Ijumaa mchana Profesa aliinama mbele ya kompyuta. Tone la damu likadondoka. Mstari ukakaa kidogo, kisha ukaanza kupanda.

"Umebadilisha nini?" akauliza Profesa.

"Sijabadilisha kitu. Tumefuata mpangilio tu," akajibu Daktari, bila kunitazama.

Jumatatu iliyofuata nikakuta kopo la maziwa lina karatasi mpya: MJOMBA ASIGUSE.

Siku hizi chai nakunywa ya rangi.