Paa la Mzee Ng'ang'a

Mzee Ng'ang'a hakuja kupiga kelele kama wengine. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, kofia mapajani, akisubiri zamu yake. Alipofika mbele ya meza ya Ruweida Khalid alitoa barua iliyokunjwa mara nne, akaifungua polepole.

"Madam, hapa imeandikwa nina ghala la biashara," alisema. "Nimekuja kuuliza liko wapi, nikalione na mimi."

Ruweida nusura acheke. Ilikuwa Jumatatu, wiki ya mwisho ya Aprili. Alikuwa na miaka miwili tangu apewe kuongoza ofisi hiyo ndogo ya uthamini iliyohudumia Kawangware. Kazi yao ilikuwa kukadiria thamani ya kila ploti na kuiandika kwenye daftari, ili ijulikane mwenyewe atatozwa kodi gani ya ardhi. Wenye ploti walikuwa wametumiwa barua waone makadirio mapya, na wenye malalamiko walikuwa wanakuja mmoja mmoja. Ijumaa daftari lilitakiwa liwe makao makuu, na sahihi ya Ruweida chini yake.

"Labda mthamini alikosea kuandika," alisema.

"Labda. Lakini hapa chini ametia sahihi kwamba alifika kwangu. Hakuna mtu alifika."

"Huenda hukuwepo siku hiyo, mzee."

"Mimi hutoka. Mke wangu hatoki. Wanza haoni, madam, lakini hakuna mguu unaingia kwa geti yangu asiujue."

Ruweida aliitafuta fomu ya ukaguzi wa ploti hiyo. Sahihi ilikuwa ya Billy Oloo, mthamini wake bora kuliko wote, ambaye alikuwa amemfundisha mwenyewe tangu kushika tepu ya kupimia. Mwezi wa Machi Billy alikuwa amemaliza ploti mara mbili ya wenzake, na Ruweida akaandika jina lake kwa kalamu nyekundu kwenye ubao wa ofisi: *Tuwe kama Billy*. Jumatatu hii Billy alikuwa ameomba ruhusa ya kutokuja kazini. Ruweida akachukua mkoba wake, akamwambia mzee, "Twende unionyeshe."

Walipita nyuma ya steji ya matatu za 46, wakakata kona kwa mafundi wa viatu, wakaingia kichochoro kilichoishia kwa geti la mabati. Ndani kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili, pembeni kabisa. Sehemu yote iliyobaki, ua mzima, ilifunikwa na paa. Hakukuwa na ukuta. Yalikuwa mabati tu ya kila rangi, mengine mapya, mengine yenye kutu, yameshikiliwa na nguzo za mkaratusi. Kamba ya katani ilifungwa kutoka nguzo hadi nguzo, usawa wa kiuno, ikitoka mlangoni kwenda chooni, kisha kwenye tangi la maji, hadi getini. Mwanamke mzee alikuwa anakuja akiifuata kamba kwa mkono mmoja, mkono wa pili umebeba beseni la mboga za sukuma.

"Macho yalimwisha miaka saba sasa," alisema mzee. "Mvua ikinyesha alikuwa anateleza. Mara ya pili akavunjika nyonga. Ndiyo nikaanza kununua mabati, moja moja."

"Na mengine yameoza, mwambie ukweli," Wanza alidakia. "Hapo kwa tangi panavuja."

Ruweida alitazama juu. Ofisi ilikuwa na picha za setilaiti, na kutoka angani hili lingeonekana paa kubwa la ghala. Ndiyo sababu sheria yao ya kwanza ilikuwa kwamba mthamini lazima afike, aone kilicho chini ya paa.

"Shosho, mwezi wa tatu kuna mtu alikuja hapa kupima?"

Wanza alifikiri kwanza. "Mwezi wa tatu alikuja mtu wa maji, viatu vyake vinalia. Wakaja akina mama wa kanisa. Mtu wa kupima, hapana. Mtu wa kupima huvuta tepu, na tepu huwa na sauti yake."

Ruweida alirudi ofisini akatoa fomu zote za Billy za mwezi huo. Sitini na moja. Mwandiko ulikuwa safi, wino mmoja. Siku moja Billy alikuwa ameandika kwamba alifika ploti tisa kule Gatina na tano kule Congo, mitaa ya hapo hapo Kawangware. Ruweida aliikumbuka siku hiyo. Ilikuwa siku ya mafuriko, barabara zilifungwa na yeye mwenyewe hakufika kazini. Alizifunga zile fomu kwa raba, akazitia mkobani.

Kesho yake asubuhi hakwenda ofisini moja kwa moja. Nyumbani kwake kulikuwa mtaa wa Makina, alikozaliwa na kulelewa, na Billy alikuwa anaishi Kambi Muru, mwendo mfupi tu kwa miguu. Miaka sita walikuwa wamefanya kazi pamoja na hakuwahi kufika kwake. Ilibidi aulize njia kwa muuza maji.

Mlango ulifunguliwa na Marion, mke wa Billy, mwembamba, leso imefungwa kiunoni. Billy alikuwa ameketi kitandani bila shati, shuka limemzunguka kifua, na ndani ya shuka kuna kichwa kidogo mno chenye kofia ya sufu.

"Madam!" Akajaribu kusimama.

"Kaa, Billy. Huyu ni nani?"

"Anaitwa Hope. Alizaliwa mwisho wa mwezi wa pili, kabla ya wakati. Tumetoka hospitali juzijuzi tu. Daktari alisema tumweke kifuani, joto la mtu ndilo linamkuza."

Njia nzima Ruweida alikuwa amepanga maneno ya kusema. Sasa aliyaacha. Alikaa kwenye kigoda akaweka furushi la fomu mezani. Billy alilitambua mara moja.

"Ni ngapi hukufika?"

"Zote, madam." Sauti yake ilishuka. "Marion alipoteza damu, hakuwa anajiweza. Mtoto yuko kwa mashine. Nilikuwa naingia wodini asubuhi, nikitoka nafungua picha kwa simu, naangalia paa, nakadiria. Nilijiambia nitazunguka baadaye nihakikishe moja moja. Sikuzunguka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Siku hiyo nikakuta jina langu kwa ubao. Watu wakapiga makofi. Nikashindwa nianzie wapi."

Ruweida aliikumbuka siku hiyo pia. Billy alikuwa amesimama mlangoni pake, macho mekundu. Naye akamwambia, "Uko juu, Billy!" akampita kukimbilia mkutano. Alidhani ni uchovu wa kazi, na uchovu huo ulimpendeza.

"Ni mimi nilimwambia anyamaze," alisema Marion. "Niliogopa. Kazi ikienda, na huyu mtoto, tungefanya nini?"

Hope alilia kidogo, sauti nyembamba. Billy akamgusa mgongoni kwa vidole viwili, mtoto akatulia.

"Kesho saa moja uje ofisini na tepu," alisema Ruweida. "Tutazipitia zote, mimi na wewe. Lakini nitaandika ripoti, Billy. Siwezi kulificha hili. Kuna watu wangelipa kwa vitu ambavyo hawana."

"Najua, madam."

"Na jina langu litakuwa humo. Mimi ndiye nilipokea fomu sitini na moja bila kuuliza hata moja."

Mkurugenzi wao huko makao makuu, mwanamke aliyeitwa Valentine, alipiga simu mchana huo huo baada ya kusoma ripoti.

"Ruweida, mrekebishie huyo mzee, utume daftari. Hao wengine wakiwa na shida watakuja wenyewe."

"Atakuja anayejua kusoma barua. Asiyejua atalipa."

"Unaelewa umeandika nini hapa? Kwamba ofisi yako ilidanganya, na ofisi ni wewe."

"Naelewa."

Valentine hakuwa mtu mbaya. Na yeye alikuwa na wakubwa wake. "Sasa mimi niwaambie nini?"

"Waambie nimekataa kutia sahihi."

Ruweida alipewa siku kumi za kazi, na onyo kwamba mambo hayataishia hapo.

Wakatembea, yeye na Billy. Ruweida alinunua raba za mtumba Soko la Toi, maana viatu vyake vya ofisi vilipasuka siku ya pili. Gatina, Congo, Kabiro, walibisha kila geti. Fomu zingine zilikuwa sawa, paa na kilicho chini yake vililingana. Zingine zilikuwa aibu. Mahali palipoandikwa vyumba vya mabati walikuta ghorofa nne zilizopakwa rangi mpya. Picha ilikuwa ya zamani. Mwenye jengo hilo hakuwa ameleta lalamiko lolote, na alipoona tepu aliwatisha kwamba ana watu wakubwa nyuma yake. Ruweida alimwandikia thamani yake halisi, akamwonyesha pa kukatia rufaa.

Kabiro, ploti ya mama mmoja aliyeitwa Jentrix ilikuwa imeandikwa vyumba kumi na viwili vya kupangisha. Vilikuwa vimeungua tangu Januari. Palikuwa na majivu yaliyogandamizwa na mvua, na Jentrix alikuwa amehamia kwa dada yake. Majirani walimwita akaja, akaishika barua ya makadirio aliyokuwa hajaielewa. Billy alisimama katikati ya ploti akiangalia chini. Ruweida hakumharakisha. Baadaye Billy alichukua kalamu akaandika mwenyewe: *Hakuna jengo.*

Kwa Mzee Ng'ang'a walifika siku ya saba. Billy alivua kofia kabla ya kupita geti.

"Mzee, mimi ndiye nilitia ile sahihi. Sikufika hapa. Naomba msamaha."

"Wiki mbili nimelala vibaya," alisema mzee. "Nilikuwa nimeanza kufikiria niuze hata ploti." Hakusema amesamehe. Alikwenda kusimama kwenye nguzo ya mwisho.

Billy alivuta tepu, na Wanza, aliyekuwa ameketi akichambua njegere, akainua uso. "Eeh, hiyo ndiyo sauti. Kijana, ulikuwa wapi mwezi wa tatu?"

Billy alimweleza. Hakujitetea. Wanza aliacha njegere akasikiliza mpaka mwisho.

"Na sasa anaongeza uzito?"

"Kilo mbili na nusu, shosho."

"Mama yake ale uji wa wimbi. Asingoje kusikia njaa."

Mzee Ng'ang'a alikuwa bado amekunja uso. Lakini tepu ilipomfikia, aliishika ncha yake akaikaza barabara kwenye nguzo, mpaka Billy alipomaliza kusoma.

Daftari lilikwenda likiwa limechelewa. Kati ya fomu zile sitini na moja, thelathini na nane zilibadilishwa, zingine kwenda juu, zingine kushuka. Mwezi wa sita wote wawili waliitwa mbele ya kamati. Billy alisimamishwa kazi miezi mitatu bila mshahara. Ruweida alipewa barua ya onyo, na nafasi ya juu aliyokuwa ameahidiwa ikapewa mtu mwingine. Jioni hiyo alimwambia mama yake, Bi Sitelbanat, akalia kidogo jikoni. Mama yake alimwacha alie, kisha akamwekea chai.

Miezi ile mitatu haikuwa rahisi Kambi Muru. Billy alibeba saruji kwenye mjengo, Marion akaanza kukaanga viazi mlangoni. Ruweida alipita kila Jumamosi. Mara nyingine hakubeba chochote. Alikaa tu na Hope mapajani, akawaacha wazazi wapumzike. Ofisini alianza kuwauliza wafanyakazi habari za nyumbani kabla ya kuuliza habari za fomu. Mwanzoni walimwona anawachunguza, wakajibu "poa" tu. Ilichukua wiki kadhaa kabla mmoja hajabaki nyuma baada ya mkutano, akafunga mlango, akasema baba yake anaumwa.

Billy alirudi Septemba. Ruweida alimpa orodha ya ploti za Gatina kama mthamini mwingine yeyote. Mwisho wa wiki ya kwanza aliingia saa kumi jioni, suruali imejaa matope hadi magotini, na fomu nne tu za wiki nzima mkononi. Wenzake walikuwa na nane, tisa. Alizitoa kwa wasiwasi.

Ruweida alizisoma moja moja, polepole. Kwenye ya mwisho, sehemu ya vipimo ilikuwa tupu. Chini yake Billy alikuwa ameandika: *Nimefika, sijapima. Kuna msiba. Wamesema nirudi Alhamisi.*

"Sawa," alisema Ruweida, akaitenga pembeni. "Alhamisi."