Mgeni Kando ya Mwaura

Muigai aliagiza gari kutoka Japani, likafika kwake Waithaka, Nairobi, likinukia sabuni ya watu wengine. Asubuhi moja, kabla ya kwenda dukani kwake River Road, alifungua buti, akainua gurudumu la akiba, akakuta majivu. Laini, meusimeusi, yamejaa pale chini.

Nzembi, mpangaji wake, alichungulia, akarudi nyuma.

"Wajapani huchoma maiti. Huyo ni mtu, Baba Stacy."

Wangu, mamake Muigai, alikuwa nje akichambua maharagwe. Hakushtuka, kwani aliyekwisha kuwa majivu hana mdomo wala mikono. Alishtuka mwanawe alipoyazoa na kuyatia kwenye mkebe, akasema atamzika mgeni kando ya marehemu baba.

Ploti nzima ilikuwa vyumba vya kukodisha na saruji. Udongo uliobaki ni kaburi la Mwaura, mumewe Wangu, na nafasi iliyo ubavuni mwake, na nafasi hiyo ilikuwa ya Wangu.

"Hapo ni pangu."

"Mathe, ni mkebe mmoja tu. Mtatoshana."

"Na akiwa mwanamke? Babako namjua. Atajifanya anamfundisha Kiswahili."

Nzembi alicheka, akakumbuka kuna maiti, akafunga mdomo. Muigai alishachukua jembe. Wangu akahama na kiti chake, sinia la maharagwe mkononi, akaketi juu ya nafasi yake.

"Chimba sasa."

Ndipo Stacy, bintiye Muigai, akatoka na simu. Alikuwa amewauliza waliouza gari. Lilitumika Kagoshima, kusini mwa Japani. Ng'ambo ya ghuba kuna Sakurajima, mlima unaotema moto hadi leo, ndani ya mbuga ya taifa. Majivu yake huangukia magari na nguo zilizoanikwa. Watu hujifunika miavuli, na mji huwagawia mifuko ya kuyazolea.

"Mbuga? Ina simba?" Wangu akamuuliza mjukuu wake.

"Hapana, shosho. Ni milima ya moto na bahari."

"Kwa hivyo hakuna aliyekufa."

"Hakuna."

Muigai aliliegemeza jembe ukutani bila kumtazama mtu, akabeba mkebe kwenda kuumwaga nje ya geti. Wangu akamwita. Mwenyewe aliinuka, akasogeza kiti chake.

"Leta hapa. Mwaga yote, usawazishe vizuri."

"Si ulikataa?"

"Nilikataa mwanamke. Mlima hauna maneno. Siku nikija, nikute pametandikwa."