Bomba ni Bomba

Dorkasi alibonyeza do, ikatoka pumzi. Akabonyeza mi, pumzi. Akashusha viganja vyote viwili kwa mpigo, kinanda kizima kikahema kama mbuzi mgonjwa. Sauti, hakuna.

"Pampu vizuri wewe."

"Napampu mpaka kwapa zinauma," Goodness alijibu. Alikuwa ubavuni mwa kinanda, anapandisha na kushusha ule mti wa kujaza upepo. "Angalia hukohuko kwako."

Dorkasi akainuka, akazunguka nyuma, akafungua milango ya lile kabati refu la mbao. Akabaki kaushika mlango. Ndani palikuwa na mashimo matupu, safu kwa safu, kama fizi za mtu aliyeng'olewa meno yote kwa mkupuo. Bomba hata moja halikuwepo.

Sasa elewa kitu kimoja. Kinanda kile si cha kuchomeka kwenye umeme. Ni kinanda cha mabomba, cha enzi ya Mjerumani, kilipandishwa mlima huu wa Ganako vipande vipande na maksai. Kila kibao unachobonyeza kina bomba lake, upepo unaingia, bomba linaimba. Akoo Qamara (akoo ni babu kwa Kiiraqw, na kanisa zima lilimwita hivyo) alikipiga tangu ujana wake mpaka vidole vikakataa. Ndiye aliyemfundisha Dorkasi. Jumanne alifariki. Siku mbili kabla, alimshika Dorkasi mkono akamwambia, "Siku yangu nipigie hiki chenyewe. Kile cha umeme kapigieni harusi." Dorkasi akasema ndiyo, Akoo. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na siku hiyo ya kabati tupu ilikuwa Alhamisi.

Alitoka nje bila viatu. Aliviacha chini ya kinanda, hakukumbuka.

Uwanjani, Mzee Herbert alikuwa anashusha boksi kubwa kwenye Land Cruiser yake. Mzee Herbert ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ana magari ya kupeleka watalii kreta, na pale kanisani akikohoa watu wanageuka. Dorkasi alimsimamia mbele. Hakumwamkia.

"Siku hizi hatuamkiani, mwanangu?"

"Mabomba ya kinanda yako wapi?"

"Bwana asifiwe kwanza."

"Yako wapi, mzee?"

Mzee Herbert akaweka boksi chini taratibu, akajipangusa mikono. "Si lilitangazwa ibadani na wewe ukiwepo? Mchungaji alisema mabomba yote chakavu ya kanisa yatolewe, mapya yamekuja. Nimetekeleza."

"Yale ya maji. Yale ya kwenye tenki."

"Alisema ya kanisa. Neno maji sikulisikia." Akacheka kidogo. "Bomba ni bomba, Dorkasi. Halafu cheki hiki," akapiga lile boksi kofi, "hiki sasa ndiyo bomba kwelikweli. Cha umeme, kina sauti mia, hata hiyo ya mabomba yenu imo ndani. Unabonyeza tu."

"Mmeyapeleka wapi?"

"Yalichukuliwa na watu wa skrepa. Saa hizi yako Arusha huko, labda yameshakuwa sufuria."

Dorkasi alihisi masikio yanawaka. Kilichokuwa kinakuja mdomoni hakisemwi kwenye uwanja wa kanisa. Akaenda kwa Mchungaji Julius. Mchungaji alishika kichwa, akasikitika, akasema kweli yeye alimaanisha ya maji, halafu akasema, "Lakini binti yangu, tusiharibu msiba. Tuzike kwanza, mengine tutakaa."

"Tukishazika, nitampigia nani?"

Mchungaji akaangalia saa yake.

Goodness, yeye hakwenda kwa mtu. Alikuwa ameshaingia kwenye grupu la kwaya, kapiga picha ya lile kabati tupu, kaandika: *Mabomba ya Akoo yameondoka, aliyeyaona aseme.* Meseji za emoji za kulia zikamiminika. Halafu Inosenti, fundi wa kuziba rejeta za magari pale mjini Karatu, mwimbaji wa sauti ya tatu, kijana asiyejua kuficha kitu hata akilipwa, akarusha picha. Gunia kwenye sakafu ya gereji, mabomba yametokeza midomo. Chini kaandika: *Ni haya? Kaniletea Mzee Herbert, nilijua mmeshayaacha.*

Bodaboda iliwashusha wote wawili gerejini vumbi likiwa bado halijatua. Inosenti alikuwa na karai juu ya moto wa mkaa, na ndani ya karai kitu cheupe kinang'aa, kinacheza kama maziwa.

"Hiyo ni nini?" Dorkasi aliuliza, ingawa alishajua.

"Risasi na bati. Dada, ile mali ni hatari. Lehemu ya dukani haifikii hata nusu. Inashika rejeta kama imezaliwa nayo." Kisha akamwona Dorkasi usoni, na sauti ikaanza kupungua. "Nimeyeyusha bunda moja tu. Yale ya urefu wa mkono mpaka kiwiko. Yalienea kwenye karai bila kukata."

"Umezibia gari gani?"

"Za Mzee Herbert mwenyewe. Zote mbili za watalii. Na ile Land Cruiser anayotembelea."

"Kwa hiyo hakuna mtu wa skrepa."

"Skrepa gani? Mzee alikuja mwenyewe, akachagua mwenyewe. Alisema, 'Anza na haya, yanalingana.'"

Dorkasi aliokota chuma kilichokuwa karibu. Goodness akamshika mkono, si kwa nguvu, akamwambia taratibu, "Acha. Huyu kadanganywa kama sisi." Chuma kikaanguka. Inosenti mwenyewe ndiye aliyebeba gunia mpaka kanisani.

Ijumaa yote waliyarudisha, bomba moja moja, kwa kufuata herufi zilizochongwa miguuni mwake. Yaliyopinda waliyanyoosha kwa mti wa mwiko. Jioni kinanda kiliimba tena. Kiliimba do, re, mi, fa, kikafika so, kikahema. La, kikahema. Ti, kikaimba. Lile bunda la Inosenti lilikuwa so na la za katikati, palepale ambapo nyimbo zote za kanisa hukaa kama watu jikoni.

"Siyo mbaya," Goodness alisema. "Tupande nusu sauti. Ukianzia kwenye vibao vyeusi, wimbo wote unayaruka yale mashimo. Hakuna atakayejua."

Dorkasi akajaribu. Kweli bwana. Wimbo ukatoka mzima, mtamu, hauna hata ufa.

Nyuma yao mtu akapiga makofi. Mzee Herbert, mlangoni, kofia mkononi. "Nilijua akili unayo, mwanangu. Hivyo hivyo kesho. Msibani hatuumbuani. Hata gari la kumpeleka mzee makaburini nimelitoa mimi, bure."

"Gari lipi?"

"Hilo hapo nje."

Dorkasi akafunika vibao. Usiku ule hakulala sawasawa.

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Watu walishuka toka Nainokanoka kwa miguu, maana Akoo aliwahi kuwapigia na wao harusi na mazishi. Jeneza likawekwa mbele. Goodness akashika mti wa upepo, akamtazama Dorkasi, akamwona anaweka vidole kwenye vibao vyeupe.

"Dorkasi. Vyeusi."

"Pampu."

Akaanza. Mstari wa kwanza ukapanda, ukafika so: fuuu. Upepo mtupu. Watu wakageuka. Ukafika la: fuuu. Kwaya, kwa huruma, ikaona imsaidie, ikaanza kuimba zile sauti zilizokosekana, ikaziba kila shimo kwa vinywa, na ilikuwa inapendeza, akina mama wakaanza kulia.

Dorkasi akanyanyua mikono. Kinanda kikakata.

"Naomba msizibe," alisema. "Kwaya, nyamazeni. Akoo aliomba kinanda chake, na kinanda chake ndiyo hiki, kimetobolewa. Kisikilizeni kilivyo."

Akaanza upya. Safari hii hakuna aliyefungua mdomo. Kila fuuu ilipita juu ya jeneza, ikagonga ukuta wa nyuma, ikarudi. Beti zote. Hakuruka hata moja. Mzee Herbert alianza kukagua mistari ya kitabu chake cha nyimbo kama ndiyo anajifunza kusoma.

Nje, Land Cruiser ilikuwa imeshawashwa, inanguruma, mlango wa nyuma wazi. Bibi Blandina, mjane wa Akoo, akasimama kabla ya kulifikia gari, akamvuta Dorkasi kwa kiwiko.

"Mjukuu wangu. Zile sauti zilizokosekana, ziko wapi?"

Dorkasi akanyoosha kidole. Hakukielekeza kwa mtu. Alikielekeza mbele ya gari, kwenye rejeta. "Zimo humo, Bibi. Zimeyeyushwa zikazibia hilo gari. Mwenyewe ndiye aliyezichagua."

Bibi aliliangalia gari. Kisha akawageukia wanawe. "Baba yenu hapandi hapo. Bebeni."

Na wakabeba. Wakapita ubavuni mwa gari na jeneza begani, wakapandisha kilima, watu wote nyuma yao, Inosenti akiwa wa kwanza kupokea begani mtu akichoka. Mzee Herbert alizima injini. Akamwambia Dorkasi, kwa sauti ya chini, "Mbona umenifanyia hivi, mwanangu? Si neno tu lilichanganya?"

"Bomba ni bomba, mzee," Dorkasi alisema, akampita, na mpaka wanafika kaburini mikono yake ilikuwa bado imekunja ngumi.