Kidonge Chini ya Ulimi

"Meza nikuone," alisema Mama Heritier, kikombe cha maji mkono huu, kidonge mkono ule.

Nuriat aliacha kukanyaga cherehani. Gomesi ya mteja, lile gauni la heshima la Kiganda, ilikuwa imelala magotini mwake, bega moja limeshachongoka, la pili bado. Alikipokea kidonge, akakiweka chini ya ulimi, akanywa maji kwa kelele.

"Ehe. Ulsa haichezi na mutu," alisema Mama Heritier, akarudi mlangoni pake kuuza vitenge na kugawa habari.

Nuriat akakitema kwenye mtoto wa meza ya cherehani, katikati ya vifungo. Kilikuwa cha tano.

Haikuwa ulsa, yaani vidonda vya tumbo. Ilikuwa mimba ya wiki tisa, na walioijua ni mumewe Swaib na mama yake tu. Mbili za kwanza zilitangazwa mapema, ua mzima ukapiga vigelegele, na zote mbili zikatoka. Safari hii mama yake alimwambia: funga mdomo mpaka tumbo liseme lenyewe. Lakini kufunga mdomo katika ua wa vyumba kumi na choo kimoja, hapo Lubaga, ni kazi kuliko kushona. Nuriat, ambaye utepe wake wa kupimia ulijua mimba za wateja kabla ya waume zao, sasa alijificha ndani ya dera pana, na kila alipotapika nyuma ya tangi, majirani walimpa ugonjwa. Hajati Kaltumi, mwenye nyumba, alisema ni majini. Mama Heritier alisema ni ulsa, na akashinda, kwa sababu alikuwa na mkoba wa vidonge vilivyobakizwa na wagonjwa wote aliowajua tangu Bukavu alikotoka.

Alhamisi ikaja homa ya kweli. Nuriat alitetemeka mpaka sindano ikamchoma. Mama Heritier akampakia kwenye boda, naye akapanda nyuma, mkoba mapajani, hadi zahanati.

Nesi Adyero alimtoboa kidole, akasubiri kipimo, akasema ni malaria. Kisha akauliza, "Una mimba?"

Nuriat alimtazama Mama Heritier, aliyekaa pembeni sikio limesimama. Akisema hapana, atapewa dawa kama mtu yeyote. Akisema ndiyo, kabla ya alasiri Lubaga nzima itakuwa inamchagulia mtoto jina.

"Ndiyo," alisema. "Wiki tisa."

Mama Heritier alifungua mkoba, akatoa pakiti, akaisukuma mezani kwa vidole viwili. "Na hii, nesi?"

Adyero aliigeuza, akasoma. "Hii ni ya vidonda vya tumbo, lakini hukaza kizazi mpaka mimba itoke. Amemeza?"

"Tano." Sauti ilikuwa ndogo, kama ya kuazima. "Miye ndiye nilimumezesha."

"Sikumeza hata kimoja, Mama Heritier," alisema Nuriat. "Viko kwenye cherehani, pamoja na vifungo."

Mama Heritier alilia kidogo, akajifuta kwa kitenge, kisha hasira ikamrudia. "Na maji yote yale ulikunywa na kelele vile?"

"Nisamehe."

"Weye ni muongo kabisa," alisema, akamshika mkono, na hakuuachia tena.

Nesi alimpa Nuriat dawa ya malaria inayofaa mimba changa. Aimalize hata akipona kesho, na asimeze kidonge cha mtu bila kuuliza. Hilo la mwisho alilisema akiutazama mkoba.

Kwenye lango la ua, Hajati Kaltumi na wenzake walikuwa wakimenya ndizi za matoke.

"Wamesema nini, nyabo?" Hajati alimuuliza Mama Heritier.

Mama Heritier alifungua mdomo. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Malaria," alisema, akaufunga.

Visu vikasita. Mwanamke huyu aliweza kusimulia mafua kwa nusu saa. Na kana kwamba hilo halitoshi, aliingia chumbani kwa Nuriat, akatoka na madumu mawili matupu, akashuka nayo bombani. Yeye, ambaye hakuwahi kumchotea mtu hata kikombe.

Walimwona akipanda tena kilima, dumu moja kichwani, moja mkononi, midomo ameibana, haitikii salamu ya mtu. Hajati Kaltumi aliweka kisu chini. Alimtazama Nuriat kuanzia miguuni, polepole, mpaka tumboni, kisha akasogeza ndizi kando, akamwachia nafasi kwenye mkeka.