Mtungi na Ekseli

Nguvu Wanzagi alikuwa nazo, hata mahasimu wake hawakubisha. Msimu wa pamba alipakia magunia kwenye malori ya ushirika pale Bunda, na gunia lililowatoa jasho watu wawili yeye alilibeba peke yake huku akipiga soga. Lakini kila Sabasaba, ekseli ilimuaibisha.

Ekseli hiyo ilitoka kwenye tela bovu la kijiji cha ujamaa. Unainyanyua juu ya kichwa, mwamuzi anahesabu, na atakayeishikilia muda mrefu zaidi anakwenda Musoma kuiwakilisha Bunda yote. Miaka miwili mfululizo alikwenda Mayala, mvuvi wa Kibara mwenye maneno machache. Mwaka huu, sabini na mbili, Wanzagi alikuwa ametangaza kilabuni, kwa domo lake mwenyewe, kwamba akishindwa tena hatagusa chuma maishani. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Desturi ilikuwa kujitamba kwanza: unataja mafahali wako, babu zako, fisi uliyemuua. Hapo Wanzagi hakuwa na mpinzani. Tatizo lilikuja baadaye.

"Baba Boke, wewe unanyanyuaga watu, chuma hunyanyui," mkewe Nyamburi alimwambia. "Ukifika tano unageuka kuona nani kakupigia vigelegele."

Ilimchoma, kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Mimi nikibebaga maji, watoto wanalia, mbwa wanapigana, naangaliaga njia tu. Umeshaona nimevunja mtungi?"

Basi kila jioni Wanzagi alitoka kisimani na mtungi kichwani, mikono chini, mwanamume mzima! Kijiji kilicheka mpaka kikachoka. Nyamburi alimfuata nyuma akimtukania mafahali wake: wamekonda, wanakohoa, hawajui hata jembe. Siku za kwanza Wanzagi alijibu, akaoga bila kupenda. Polepole akaacha kujibu. Mwishowe akaacha hata kusikia, mpaka wafike mlangoni na mkewe asimame mbele yake na kusema, "Tumefika. Tua."

Sabasaba ikafika. Mayala akanyanyua, akashikilia hadi kumi na nane, uwanja ukatetemeka kwa makofi. Zamu ya Wanzagi, watu wakatega masikio wasikie mafahali. Hakutaja hata ndama.

"Anaogopa huyo!" mtu akapaza sauti.

Wanzagi aliona kipande cha pamba kimenasa kwenye uzio wa mkonge mbele yake. Hiyo ndiyo njia, akajiambia. Akainama, akavuta pumzi, chuma kikapanda.

Mwamuzi, Mwalimu Renatus, akaanza kuhesabu. Tano ikapita. Kumi ikapita. Nyamburi, palepale mbele ya wageni, akaanza kutukana wale mafahali kwa sauti yake yote, na wazee wakashika vichwa. Wanzagi hakupepesa. Kumi na tisa! Uwanja ukalipuka, kofia zikarushwa juu, ngoma zikalia, na yeye bado amesimama, macho kwenye pamba.

"Shusha, ndugu, umeshinda!" Renatus alimwambia mara tatu, bila kusikika.

Ikabidi Nyamburi aingie uwanjani, asimame mbele ya ile pamba.

"Baba Boke. Tumefika. Tua."

Akatua. Ndipo kelele zote zikamfikia kwa pamoja, akashtuka kama aliyeamshwa, akaona Mayala anampa mkono.

"Nimefika ngapi?"

"Thelathini na moja," alisema Mayala. "Sasa jitambe, kaka. Una haki."

Akajitamba, fahali mmoja baada ya mwingine, mpaka lori lilipowafikisha Musoma.